Simbilisi Anayeshindwa Kula: Mwongozo wa Kushughulikia Matatizo ya Meno

Wanaofuga simbilisi (guinea pig) kwa mara ya kwanza huniuliza karibu mambo yale yale. Mnyama anakimbilia chakula, anakinusa, anakishika mara moja kisha anakiacha. Au kidevu chake kimelowa tangu juzi. Au meno yake ya mbele yameanza kwenda upande, na mwenye mnyama anataka kujua kama anaweza kuyapunguza kwa kikata kucha. Nimeamua kuyaandika majibu mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayeyahitaji usiku wa manane aweze kufuata hatua moja baada ya nyingine. Jibu la swali la kikata kucha nalitoa mapema, kwa sababu haliwezi kusubiri: usikate.

Kabla ya hatua zenyewe, yapo mambo machache ya kufahamu. Simbilisi, ambaye wenzetu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, humwita dende, ana meno 20. Manne ni ya mbele, na 16 ni magego yaliyojificha ndani kabisa ya mdomo mwembamba. Meno yote hayo huendelea kuota maisha yake yote, na kinachoyapunguza ni kusaga nyasi kwa saa nyingi kila siku. Nyasi zikikosekana, magego ya chini huota yakielekea ulimi hata kuufunika kama daraja, na ya juu huota yakielekea mashavu na kuyachana. Aidha, mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C, kama ilivyo kwa binadamu. Akiikosa kwa takriban wiki mbili huanza kupata kiseyeye, nyuzi zinazoshika meno hulegea, na meno huhama mahali pake. Wapo pia wanaozaliwa na taya zisizokutana vizuri, na wanaovunja meno kwa kuanguka au kuguguna nyaya za kizimba. Hata hivyo, kwa niliyoyaona, chanzo cha kwanza ni bakuli lililojaa karoti na mkate mahali ambapo nyasi zilipaswa kuwapo. Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako simbilisi hufugwa jikoni na kutupiwa mafungu ya majani mabichi, mnyama husaga kutwa nzima bila mtu kuwaza habari za meno yake. Wa mjini, aliye kwenye kizimba kizuri sebuleni, ndiye mara nyingi huwekewa vitu laini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usisubiri mnyama augue ndipo uvitafute, kwa maana simbilisi asiyekula hana siku mbili za kusubiri duka lifunguliwe.

- Mizani ya jikoni inayosoma gramu, pamoja na kikapu au bakuli lenye kina la kumweka mnyama.
- Daftari na kalamu.
- Mabomba ya sindano yasiyo na sindano: matatu au manne ya mililita 1, na mawili ya mililita 5 au 10. Famasi yoyote huyauza.
- Taulo ndogo na vitambaa laini.
- Hei safi, yaani nyasi zilizokaushwa. Hei ya nyasi za Rhodes hupatikana kwa wauza malisho ya ng'ombe. Chagua yenye rangi ya kijani na harufu nzuri, na uikatae iliyoota ukungu au inayotoa vumbi ukiitikisa.
- Peleti za simbilisi (chakula kikavu cha vipande vidogo vilivyoshindiliwa), zilizotengenezwa karibuni. Peleti za sungura huwa hazina vitamini C ya kumtosha simbilisi, na baadhi huchanganywa na dawa za kuzuia magonjwa ya sungura; soma mfuko kabla ya kununua.
- Vitamini C ya vidonge au unga, isiyochanganywa na vitamini nyingine.
- Namba ya simu ya daktari wa mifugo anayetibu wanyama wadogo, uliyekwisha kuzungumza naye.

Hatua za kufuata

1. Mpime uzito leo, na uuandike. Mtu mzima huwa na uzito wa kati ya gramu 700 na 1,200, na dume kwa kawaida humzidi jike. Lakini tarakimu iliyo muhimu ni ya mnyama wako mwenyewe. Mpime mara moja kwa wiki akiwa mzima, siku ile ile na saa ile ile, na kila siku akiwa mgonjwa. Gramu 30 kupanda au kushuka si jambo la kushtua, kwani tumbo na kibofu hujaa na kupungua. Akipungua gramu 50 hadi 60 ndani ya wiki moja, anza kumchunguza kwa makini. Akikaribia gramu 90, au akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mpeleke kwa daktari hata kama anaonekana mchangamfu. Naiweka hatua hii mwanzo kwa sababu manyoya ya simbilisi huficha kukonda, naye ni mnyama anayewindwa, kwa hiyo huficha maumivu hadi asiweze tena. Wa kwanza niliyempoteza nilikuwa nikimwangalia meno ya mbele kila asubuhi na kuyaona mazuri, ilhali magego yalikuwa yamemfunga ulimi. Mizani ingeniambia wiki tatu kabla.

2. Mtazame akila, bila kumgusa. Mwekee hei, ukanda mwembamba wa karoti, kipande cha pilipili hoho na jani laini, kisha kaa pembeni kwa dakika 20. Mwenye tatizo la magego huja mbio kwa njaa, hushika chakula, hukitafuna upande mmoja au hukigeuza mdomoni, kisha hukidondosha. Wengine huacha hei kwanza, halafu karoti, na kubaki na vitu laini pekee. Mwenye nyumba hudhani mnyama amekuwa mchaguzi. Tofauti hii itunze akilini: anayetaka kula akashindwa huenda ana tatizo mdomoni, na asiyetaka chakula kabisa huenda anaumwa tumbo, mapafu au kibofu, au tatizo la mdomo limekwisha kufika mbali.

3. Mchunguze kwa nje. Mfunge kwa taulo, mkalishe mapajani akiwa ameelekea mbele, kisha pitisha kidole kimoja polepole chini ya taya zote mbili ukilinganisha kulia na kushoto. Vinundu vigumu kwenye ukingo wa taya vyaweza kuwa mizizi ya magego iliyosukumwa chini. Uvimbe laini au wenye joto waweza kuwa jipu. Tazama kidevu na miguu ya mbele: manyoya yaliyolowa na kushikana ni udenda, maana mnyama hushindwa kumeza mate. Tazama macho, kwa sababu mizizi ya magego ya juu hupita karibu nayo, na jicho linalotoa machozi muda wote au lililojitokeza kuliko lingine ni dalili nzito. (Maji meupe kama maziwa ambayo simbilisi huyatoa machoni kisha kujisafishia uso ni ya kawaida, usiyahangaikie.) Mwisho, inua mdomo wa juu taratibu uone meno ya mbele. Yanapaswa kuwa meupe na yenye makali yaliyonyooka. Yakikatika mshazari, mara nyingi mnyama anatafuna upande mmoja kwa kuwa magego ya upande wa pili yanamuuma.

Onyo: usijaribu kufungua mdomo kwa kijiko au vidole ili uone magego. Mashavu ya simbilisi hujikunja kwa ndani na kuziba njia, kwa hiyo hutaona kitu, na unaweza kumjeruhi taya au kumfanya avute chakula mapafuni.

4. Amua haraka yake. Simbilisi ambaye hajala chochote kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, kwa sababu utumbo wake ukikaa tupu hupunguza mwendo, gesi hujaa, na anaweza kufa kwa tatizo la tumbo lililoanzia mdomoni. Vivyo hivyo kwa anayetoa udenda, anayepumua kwa shida, aliyejikunja huku amesimamisha manyoya, au asiyetoa kinyesi. Anayekula kidogo huku akipungua uzito apewe miadi ya siku hiyo au kesho yake. Aliyevunjika jino moja la mbele kwa kuanguka, lakini anaendelea kula vitu vilivyokatwa vidogo, anaweza kungoja uchunguzi usio wa dharura. Meno ya mbele huota kwa zaidi ya milimita moja kila wiki, na kwa kawaida hurudi urefu wake baada ya wiki mbili au tatu. Fuatilia tu kama yanakutana vizuri, kwa maana jino lisilo na mwenzake wa kulisaga huendelea kurefuka bila kizuizi.

5. Tafuta daktari anayefaa. Madaktari wengi wa mifugo katika nchi zetu siku zao hupita kwa ng'ombe, kuku na mbwa, na si aibu yao kutokuwa wamewahi kufungua mdomo wa simbilisi. Uliza kwa simu mambo matatu: je, amewahi kusaga magego ya simbilisi au sungura, je, ana nusukaputi ya gesi au uzoefu wa kuwalaza wanyama wadogo, je, anaweza kupiga eksirei ya kichwa. Ukikosa mahali pengine, hospitali za wanyama za vyuo vikuu ni pa kuanzia: Sokoine ya Morogoro, Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Makerere ya Kampala. Msafirishe ndani ya kikapu chenye kivuli, hei na mwenzake anayemzoea, asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa sababu simbilisi huvumilia joto vibaya, na gari lililoegeshwa juani humuua kwa muda mfupi. Usimnyime chakula usiku kucha ukidhani unamwandaa kwa nusukaputi kama anavyoandaliwa mbwa: simbilisi hatapiki, na kufunga kwa muda mrefu humharibia tumbo. Muulize daktari mwenyewe ni saa ngapi chakula kiondolewe, nawe utegemee kuwa zitakuwa chache.

6. Fahamu kinachofanyika huko. Daktari atamlaza mnyama, ataufungua mdomo kwa vifaa maalumu, ataukagua kwa taa au kamera ndogo, na atayasaga meno yaliyozidi kwa kifaa kinachozunguka kama cha daktari wa meno. Eksirei itamwonyesha mizizi, jambo ambalo macho hayaoni. Koleo na vikata kucha havitumiki kwa sababu jino la simbilisi hupasuka kwa urefu, ufa hufika kwenye mzizi, na jipu hufuata. Omba dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani, iliyopimwa kwa uzito wake. Mnyama anayeumwa mdomo hatakula hata kama meno yamesawazishwa vizuri.

Onyo kubwa: baadhi ya antibiotiki za kawaida humuua simbilisi. Amoksisilini, ampisilini na penisilini nyingine, pamoja na klindamaisini, linkomaisini na erithromaisini, huua bakteria wema wa utumbo wake na kuacha wenye sumu wastawi. Mnyama huharisha na kufa ndani ya siku chache. Sindano ya mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini, ambayo duka la dawa za mifugo hukupa bila kuuliza swali kwa sababu ng'ombe huipokea vizuri, usikubali achomwe. Akiandikiwa antibiotiki, uliza jina lake, na useme wazi kuwa mgonjwa ni simbilisi, si sungura wala panya.

7. Mlishe kwa bomba. Hii ndiyo kazi yako kubwa, na wengi huikosea, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Saga peleti ziwe unga, changanya kipimo kimoja cha unga na viwili vya maji ya uvuguvugu, na uache kwa dakika 10 hadi uwe uji mzito unaoweza kupita kwenye bomba. Bomba la mililita 1 likate ncha kwa kisu kikali ili tundu liwe pana, kisha lainisha ukingo wake kwa msasa au tupa ya kucha usije ukamchana ufizi. Mkalishe wima katika taulo, mgongo wake ukigusa tumbo lako; kamwe usimlaze chali kama mtoto mchanga. Ingiza bomba kutoka pembeni, nyuma ya meno ya mbele, mahali penye nafasi isiyo na jino, ukilielekeza upande wa pili wa shavu badala ya kooni. Toa nusu mililita. Ngoja atafune na kumeza. Toa nyingine. Anayesukuma mililita tano kwa mkupuo ili amalize haraka hupeleka uji mapafuni, na nimonia itokanayo na hapo ni ngumu kutibu kuliko meno yenyewe.

Simbilisi asiyekula chochote huhitaji kiasi cha mililita 50 hadi 80 za uji kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mwenye gramu 900, hiyo ni mililita 45 hadi 72, ambazo unaweza kuzigawa katika milo mitano au sita ya mililita 10 hivi, ukianza na kidogo siku ya kwanza. Usiku nao umo katika hesabu: mlo wa mwisho uwe saa tano au sita, na wa kwanza alfajiri. Mpe pia maji kidogo kidogo kwa bomba, kisha mfute kidevu kwa kitambaa chenye unyevu na umkaushe, kwani uji uliogandia huozesha ngozi. Uji wa lishe wa watoto, ugali laini, maziwa na mtindi havifai hata kidogo. Wanga na sukari huchacha katika tumbo lililozoea nyasi. Na ikiwa tumbo lake limevimba na ni gumu kama ngoma, usimlishe; mpigie daktari kwanza.

8. Mpe vitamini C kila siku. Mwenye afya huhitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito. Mgonjwa hupewa zaidi, kwa kipimo cha daktari. Kidonge cha miligramu 100 kikigawanywa mara nne hutoa 25, unazoweza kuziponda ndani ya uji. Aliyeanza kula mwenyewe apewe pilipili hoho mbichi: gramu 30 za hoho nyekundu huwa na takriban miligramu 40, na ya kijani zaidi ya 20. Usiitie vitamini katika chupa ya maji, kwa sababu huharibika ndani ya siku, hubadilisha ladha, na mnyama anaweza kuacha kunywa kabisa. Machungwa na mapera yana vitamini C nyingi, ila sukari yake huyafanya yawe ya kuonja tu.

9. Mrudishe kwenye nyasi. Kuanzia siku ya pili au ya tatu baada ya matibabu, mwekee hei laini na nyasi mbichi changa karibu na mdomo wake, na upunguze uji kadiri uzito unavyopanda, si kadiri unavyochoka. Lengo ni kuwa nyasi na hei ziwepo mbele yake mchana na usiku bila kikomo, mboga za majani ziwe kiasi cha kikombe kimoja kwa siku, na peleti kijiko kimoja au viwili. Nyasi ulizokata kwa panga au fyekeo ni nzuri. Zilizotoka kwenye mashine ya bustani huchacha haraka, na za kando ya barabara huweza kuwa na dawa au kinyesi cha mbwa. Lusini (alfalfa) ina kalsiamu nyingi, kwa hiyo iwe ya wenye mimba na wachanga. Vijiti vya kuguguna si vibaya, lakini vinapunguza meno ya mbele tu. Magego husagwa na nyasi.

Mambo yakikwama

Anakataa bomba na kulitema. Badili ladha kwa kusagia hoho kidogo au giligilani ndani ya uji, hakikisha una uvuguvugu, na jaribu milo midogo ya kila saa mbili. Anayepiga kelele au kusaga meno anapoguswa mdomo ana maumivu. Uliza daktari kuhusu dawa yake kabla ya kuendelea kushindana naye.

Huna peleti na usiku umeingia. Saga nyasi changa na maji kwenye blenda hadi zilainike kabisa, ongeza kipande cha hoho, na utumie bomba lenye tundu pana. Huo ni uji wa kuvushia usiku mmoja.

Meno yamesagwa wiki mbili zilizopita, lakini bado anadondosha hei. Misuli ya taya iliyokaa bila kazi hudhoofika, na wengine huhitaji wiki kadhaa za kusaidiwa. Ikiwa uzito hausogei, rudi kwa daktari akaangalie kama kuna ncha iliyobaki au mzizi ulioachwa bila eksirei.

Amepona, kisha baada ya mwezi mmoja yamerudi. Hili ni la kawaida kwa meno yaliyokwisha kupinda. Wengi wao huhitaji kusagwa tena kila baada ya wiki nne hadi nane, pengine maisha yao yote, na gharama hiyo ni vema uiulize mapema. Simbilisi wa namna hii asizalishwe.

Kuna uvimbe shingoni. Si lazima utokane na jino, kwa sababu tezi za shingo za simbilisi nazo hupata maambukizi ya usaha. Usiukamue, usaha wake ni mzito, haumaliziki kwa kukamuliwa, na huenea ndani.

Kinyesi kimekuwa kidogo na kikavu. Anakula pungufu kuliko unavyodhani. Ongeza uji na maji, na umpime asubuhi na jioni. Kikikoma kabisa, au kikawa maji, ni safari ya kwa daktari saa hiyo hiyo.

Mizizi imeota hadi machoni au taya imeoza. Muulize daktari bila kuzunguka ni kiasi gani cha maumivu kinaweza kuondolewa. Ikiwa jibu ni kidogo, muulize pia kuhusu kumpumzisha milele kwa sindano, na uwaeleze watoto wa nyumbani ukweli kabla ya siku yenyewe, maana mara nyingi wao ndio waliokuwa wakimkatia nyasi.